Sauti ya Ilimba Ndani ya Kinanda



Wiki hii kijana mpiga kinanda wa kwaya yetu alinijia na swali. Amenunua Kariakoo kinasa sauti kidogo, naye anataka kumrekodi mzee mmoja wa Kigogo, mpiga ilimba, noti moja moja, kisha aziingize katika kompyuta ili kila kibonye cha kinanda kitoe sauti ya ilimba. "Baba Paroko, je, ni halali?" Kabla ya kumjibu, tutazame jambo hili lilikotoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko California, Harry Chamberlin alianza kuunda kinanda ambacho kila kibonye kiliendesha utepe wenye sauti ya chombo halisi. Mwaka 1963 ikafuata Mellotron ya Birmingham, Uingereza. Utepe wake uliisha baada ya sekunde nane hivi, mpigaji akalazimika kuinua kidole. Mwaka 1979 Peter Vogel na Kim Ryrie wa Sydney, Australia, wakaleta Fairlight CMI, iliyohifadhi sauti kwa tarakimu badala ya utepe. Bei yake iliwashinda wanamuziki wengi. Leo kazi ile ile hufanywa na kompyuta ya kawaida.

Kazi yenyewe hudai uvumilivu. Kila noti hurekodiwa mahali patulivu, kwa pigo la upole na kwa pigo la nguvu, kisha hukatwa kimya kinachotangulia na kupangwa kwenye kibonye chake. Mvivu hurekodi noti moja tu na kuiachia programu ipandishe au ishushe. Lakini noti iliyopandishwa oktava moja kwa kuharakishwa hukimbia maradufu, na urefu wake hubaki nusu. Vijana wa singeli hapa Dar es Salaam wamelifanya jambo hilo kuwa sanaa: huchukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha mpaka vikawa muziki mwingine. Kwa ilimba ya mzee, hata hivyo, uharaka huo ungekuwa upotoshaji.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa Wagogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja, na baadhi yake haziangukii kwenye kibonye chochote. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, alitembea na uma za kupimia sauti, akapima vyombo kama wenyewe walivyovilinganisha. Programu ikiruhusiwa "kusahihisha" noti za mzee, tutabaki na rangi ya ilimba bila lugha yake.

Mwaka ule ule wa 1963, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia, namba 119, ulitaka mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima inayostahili. Nayo sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua haki za wasanii watendaji, na kuzilinda sanaa za jadi. Sauti iliyorekodiwa haiokotwi kama embe lililoanguka njiani. Mti wake una mwenyewe.

Basi nimemjibu kijana: ni halali, kwa masharti matatu. Kwanza, mzee aelezwe yote, hata kwamba kinanda kitaweza kupiga nyimbo ambazo yeye hakuzipiga kamwe, akiridhia, alipwe. Pili, ulinganifu wa ilimba yake usiguswe. Tatu, maadamu mzee yu hai na mikono yake ina nguvu, nafasi yake kwenye benchi la kwaya isichukuliwe na mashine.

Kijana alicheka kidogo, akasema sharti la tatu ndilo gumu, kwa kuwa mzee huchelewa mazoezi. Nikamwambia amsubiri.

Nawatakia Dominika njema.