KRVN: Miaka 75 ya Redio ya Wakulima wa Nebraska

Wazee wa Nebraska, jimbo la wafugaji katikati ya Marekani, hawajaisahau baridi ya mwaka 1949. Dhoruba ya theluji ilianza mwanzoni mwa Januari. Ng'ombe walifukiwa malishoni, na reli na barabara zikaziba. Jeshi lilileta matingatinga kufungua njia, na ndege zikadondosha majani makavu kwa mifugo iliyokwama. Katika hali hiyo, onyo la saa chache tu lingetosha kumwezesha mfugaji kukusanya kundi lake. Lakini vituo vikubwa vya redio vilikuwa mashariki, Omaha na Lincoln. Kutoka Omaha hadi Lexington, mji mdogo wa bonde la mto Platte, ni kilomita zipatazo 350.

Wakulima walikuwa tayari wameanza kujadili redio yao wenyewe, na baridi ile ikalipa jambo hilo uzito. Waliungana katika chama kinachoitwa Nebraska Rural Radio Association, wakaandikisha wanachama mashambani kwa ada ndogo. Tarehe 1 Februari 1951 KRVN ikaingia hewani kutoka Lexington. K ni herufi inayotangulia majina ya vituo vya magharibi ya mto Mississippi. RVN ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Sauti ya Mashambani ya Nebraska.

Meneja wa kwanza alikuwa Max Brown, na baadaye mwanawe, Eric Brown, akashika nafasi hiyo hiyo. Hata hivyo, redio haikuwa mali ya familia yao. Mwenye mali ni ushirika. Wanachama, wakulima na wafugaji, huchagua bodi kutoka miongoni mwao, na bodi ndiyo humwajiri meneja. Kituo hujiendesha kwa matangazo ya biashara kama redio nyingine yoyote, ila faida hurudi kazini: mitambo, watangazaji, vituo vipya.

Umiliki huo unasikika hewani. Mtu akifungulia 880 AM atasikia muziki wa kantri, magitaa na fidla, kisha muziki unakatishwa kupisha bei ya ng'ombe, mahindi na soya, na utabiri wa hewa. Kwa msikilizaji wa mjini huo ni usumbufu. Kwa mwenye lori lililojaa ndama, akisubiri kujua kama auze leo au kesho, hicho ndicho kipindi chenyewe, na muziki ni wa kumchangamsha trektani mpaka taarifa ijayo.

Kituo kilianzia masafa ya 1010, kisha kikahamia 880 na kufikia wati 50,000, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa Marekani kwa redio ya AM. Usiku mawimbi yake hulazimika kuelekezwa upande mmoja zaidi, kwa kuwa kituo cha New York kinatumia masafa hayo hayo. Ushirika ulipata pia vituo Scottsbluff, magharibi ya jimbo, na West Point, mashariki.

Thamani ya umiliki huu wa wakulima huonekana vizuri zaidi tukitazama kwingine. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano iliondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini Marekani kote. Redio nyingi za miji midogo zikanunuliwa, na muziki ule ule wa kantri ukaanza kurushwa kwa kompyuta kutoka mbali. Usiku wa Januari 2002, treni iliyobeba amonia, gesi yenye sumu, ilianguka Minot, jimbo la North Dakota. Vituo vyote sita vya kibiashara mjini humo vilikuwa vya kampuni moja, na polisi walipopiga simu studio ili wakazi waonywe hawakumpata mtu kwa wepesi. Mvutano kuhusu nani alaumiwe uliendelea kwa miaka. Mimi naona jibu lilikuwa kwenye hati ya umiliki.

Lexington nayo imebadilika. Kiwanda cha nyama kilichofunguliwa mwaka 1990 kilivuta wafanyakazi kutoka Mexico, Amerika ya Kati na Somalia, na mitaani leo husikika Kihispania na Kisomali. Redio nyingi za miji kama huo nazo zimebadilisha wamiliki. Lakini tangu Februari 1951 hadi leo, KRVN haijawahi kuuzwa.