Chenga za usiku zina historia

Wasee, ukirekodi wazee wakipiga stori usiku hapa Kipkelion, zile chenga kwenye video si lazima simu iwe mbovu. Sensa huhesabu mwanga. Ukiwa haba, hesabu inayumba, na ISO inakuza chenga pamoja na picha.

Vita hii ni ya kitambo. CCD ilibuniwa Bell Labs, Marekani, 1969. Wanaastronomia wakaipoza kupunguza chenga za joto. Miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake wa NASA wakaboresha CMOS, aina iliyo kwa simu yako. Sai programu huchanganya fremu: 4 za kitu kilichotulia hupunguza chenga kwa nusu.

Mimi nasema usingoje kamera ya laki mbili. Sogeza taa nusu ya umbali, mwanga unakaribia mara 4. Rekodi sasa. Wazee hawatungoji.