Homa ya Mgunda na Kinga Inayochelewa: Hoja kutoka Kariakoo

Mchukuzi wa Kariakoo akishikwa na homa, mara nyingi anajua atakachoambiwa kabla hajafika zahanati: malaria, UTI au taifodi. Kipimo cha haraka cha malaria kisipoonesha kitu, ataandikiwa antibayotiki ya kubahatisha, na akipata nafuu kidogo atarudi kwenye mkokoteni wake. Homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, haimo kwenye orodha hiyo. Tumezoea kulaumu uhaba wa maabara au uzembe wa watoa huduma, na lawama hizo zina ukweli wake. Lakini sababu kubwa iko ndani zaidi. Bakteria wa ugonjwa huu huikwepa kinga ya mwili kwa namna inayomfanya avikwepe pia vipimo tunavyovitegemea. Anayesubiri kipimo anampa bakteria siku zile zile anazozihitaji.

Tuanze na panya. Leptospira huishi katika mirija midogo ya figo zake, wamejipanga ukutani kama utando, na panya mwenyewe haugui. Anakula, anazaa, na kila akikojoa anamwaga bakteria, pengine hadi kufa kwake. Ng'ombe, nguruwe na mbwa nao hubeba aina zao. Masika yanapofurisha mitaro ya mtaa wa Msimbazi na kuacha madimbwi kati ya meza za mboga, mkojo huo huchanganyika na maji ambamo bakteria anaweza kuishi kwa wiki kadhaa. Mchukuzi aliyevaa ndala, mwenye mchubuko kwenye kifundo cha mguu uliotokana na chuma cha mkokoteni, anapita humo na gunia la vitunguu mgongoni. Bakteria ni mwembamba mno, amejisokota kama skrubu, na hupenya kwenye mchubuko huo bila kuacha uvimbe wala usaha. Muda si mrefu yumo kwenye damu. Kwa kawaida homa itakuja siku 5 hadi 14 baadaye, wakati mchukuzi hana tena sababu ya kulikumbuka dimbwi lile.

Kwa nini damu isimkamate? Bakteria wengi wa kundi lake wana ganda la nje lenye lipopolisakaraidi, na seli zetu zina kipokezi kiitwacho TLR4 ambacho kazi yake ni kuitambua molekuli hiyo na kuamsha kinga mara moja. Mwaka 2001 Catherine Werts na wenzake walionesha kwamba lipopolisakaraidi ya Leptospira haikiamshi kipokezi hicho cha binadamu. Kemia ya sehemu yake ya mafuta ni tofauti. Kwa panya mambo ni kinyume: TLR4 yake inamtambua bakteria huyo mapema, na panya wa maabara walionyimwa kipokezi hicho huugua vibaya na kufa. Naliona hili kuwa kiini cha jambo lote. Macho ya kinga yaliyomwezesha panya kuishi salama na mgeni wake, sisi tumeyakosa.

Hata mikia ya kuogelea, ambayo kwa bakteria wengine huning'inia nje na kuwashtaki kwa kipokezi TLR5, kwa Leptospira imefichwa chini ya utando wa nje. Kisha kuna komplementi, mfululizo wa protini za damu zinazotoboa bakteria. Leptospira biflexa, ndugu asiyedhuru anayeishi majini, huuawa na damu ya binadamu ndani ya dakika chache. Mwenye madhara hunusurika, kwa kuwa hunasa kutoka kwenye damu yetu kipengele H, protini inayozilinda seli zetu zisishambuliwe na komplementi, akaibandika mwilini mwake.

Hila ya kupunguza kishindo cha ganda si yake peke yake. Brusela, anayetoka kwenye maziwa mabichi na mifugo, ana ganda linaloamsha kinga kidogo sana, kisha hujificha ndani ya zile zile seli zinazopaswa kummeza. Bakteria wa tauni, aliyeitesa Lushoto kuanzia 1980, hubadili ganda lake anapotoka kwenye joto la kiroboto kuingia kwenye nyuzi 37 za mwili wetu, ili TLR4 isimtambue.

Sasa tuje maabara. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya kimelea mwenyewe. Kipimo kikuu cha homa ya mgunda hutafuta kingamwili, yaani ushahidi kwamba mwili umekwisha kumtambua adui. Mwili uliochelewa kuamshwa hutoa ushahidi huo mwishoni mwa wiki ya kwanza ya homa au baadaye, na kuthibitisha hutaka sampuli ya pili baada ya siku kadhaa ili kuona kama kiwango kimepanda mara nne. Juu ya hayo, sukari za ganda hutofautiana mno. Zinajulikana aina zaidi ya 250. Kingamwili za aina moja huenda zisiitambue nyingine, kwa hiyo maabara hulazimika kufuga bakteria hai wa aina nyingi na kujaribu seramu ya mgonjwa dhidi ya kila mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliotenga aina za hapa nchini, mojawapo ikiitwa Sokoine, wamesisitiza kwamba maabara inayotumia aina za kigeni pekee itawakosa wagonjwa wetu. Mgonjwa wa namna hiyo anaambiwa hana kitu, naye figo zake zinaanza kushindwa.

Ukubwa wa upofu huu ulionekana Moshi. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa huko mwaka 2007 na 2008, 60.7% waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 1.6%. Homa ya mgunda ilikutwa kwa karibu 9 katika kila 100 waliopimwa. Dar es Salaam na Ifakara, uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa uliochapishwa 2014 ulikuta malaria kwa 10.5% tu. Kisha ikaja Ruangwa, mkoani Lindi. Julai 2022 watu 20 waliugua na 3 wakafariki, wakitokwa damu puani, na nchi nzima ikaingiwa hofu ya Ebola na Marburg hadi Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba ni homa ya mgunda. Ilichukua vifo kuwafanya watu wautafute ugonjwa ambao dawa yake, doksisaiklini, inauzwa famasi yoyote ya mtaa wa Swahili.

Ndiyo maana naamini zahanati za Kariakoo, Jangwani na Vingunguti zianze tiba kwa dalili na kazi ya mtu, bila kungoja kingamwili: kipimo cha malaria kikiwa hasi, homa kali, maumivu makali ya misuli ya miguu, macho mekundu yasiyo na tongo, na kazi ya sokoni, ya mitaro au ya machinjioni. Doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7, inatosha kwa mgonjwa ambaye hali yake haijawa mbaya. Wajawazito na watoto wadogo wana dawa nyingine, na mwenye manjano au mkojo uliopungua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Atakayepinga atasema tunachochea usugu wa dawa. Hofu hiyo ni ya haki, nami naichukua kwa uzito. Ila tulinganishe na kinachofanyika leo: mchukuzi huyo huyo anauziwa amoksilini au azithromaisini dirishani bila kuulizwa anafanya kazi gani, kwa dozi anayoimudu kwa hela iliyomo mfukoni siku hiyo. Utaratibu ninaoupendekeza unawabana watoa dawa kuliko hali iliyopo, kwa sababu unataka kipimo cha malaria kwanza, unataka dalili mahususi, na unataja dawa moja kwa siku zinazojulikana. Damu ya siku ya kwanza ihifadhiwe na kupelekwa Morogoro, ipimwe kwa PCR, ambayo hutafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe wakati bado yumo kwenye damu. Majibu yatarudi mgonjwa akiwa amekwisha kupona au kulazwa, lakini yatatuambia ni aina zipi za Leptospira zinazopita katika mitaro ya Ilala, na aina hizo ndizo zinazopaswa kufugwa katika maabara za jiji.