Sadaka ya Noeli kwa Familia Zenye Uhitaji

Katika parokia nyingi nchini Tanzania, Dominika za Majilio huambatana na kapu linalowekwa karibu na altare, ambamo waamini hutia mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na nguo kwa ajili ya familia zenye uhitaji. Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Mtakatifu Yustino Shahidi, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, aeleza jinsi waamini wenye uwezo walivyotoa kwa hiari siku ya Dominika, na matoleo yao yakawekwa mikononi mwa aliyeongoza ibada ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Liturujia nayo yatuelekeza huko. Katika Injili ya Dominika ya tatu ya Majilio, Mwaka C (Lk 3:10-18), Yohane Mbatizaji anamwagiza mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Tena siku moja tu baada ya Noeli, tarehe 26 Desemba, twamwadhimisha Mtakatifu Stefano, ambaye kabla ya kuwa shahidi alichaguliwa kuhudumu mezani.

Sababu ya uchaguzi huo yafaa kusomwa polepole (Mdo 6:1-6). Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Maandiko hayasemi kwamba chakula kilikosekana Yerusalemu. Yasema kwamba wapo waliopitwa. Mitume hawakuwaomba waamini waongeze matoleo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wenye kujaa Roho na hekima, wasimamie ugawaji.

Tatizo hilo tunalo hadi leo. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, orodha ya familia za kusaidiwa kwa kawaida huandaliwa humo, na ni sawa, kwa kuwa majirani ndio wanaojua ni jiko gani halijawashwa. Lakini jumuiya huwaorodhesha wale inaowaona. Mama aliyeacha kuhudhuria sala kwa kuona haya ya kudaiwa michango hatajwi na mtu. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hana wa kumsemea. Jirani asiye Mkatoliki hudhaniwa kuwa ana watu wake. Twathubutu kusema kwamba orodha iliyonakiliwa kutoka ile ya mwaka jana ina kasoro kabla haijasomwa. Siku ya Maskini Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, huangukia Dominika ya 33 ya Mwaka, wiki mbili kabla ya Majilio. Huo ndio wakati mwafaka wa wawili wawili kupita nyumba kwa nyumba na kuiandika orodha upya.

Jambo la pili ni wakati wa kutoa. Mwaka 1617 Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko wa Châtillon, nchini Ufaransa. Dominika moja, kabla ya Misa, aliarifiwa kwamba kuna familia iliyougua yote nje ya mji, wala hapakuwa na wa kuwauguza. Akaihubiri habari hiyo, na alasiri njia ikajaa watu waliobeba vyakula. Padre huyo aliona mara moja kasoro ya wema ule: wagonjwa walikuwa na chakula kingi mno kwa siku ile, kingine kingeharibika, na baada ya siku chache wangerudi katika njaa ileile. Akawakusanya wanawake wa parokia, wakapangiana zamu za kupika na kuuguza. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama chake cha kwanza cha huduma ya upendo.

Kwetu, njaa ya baada ya sikukuu ina jina, nalo ni Januari. Shule hufunguliwa, na ijapokuwa ada ya elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016, sare, viatu na madaftari bado hununuliwa na mzazi. Familia iliyopokea kilo kumi za mchele tarehe 24 Desemba inaweza kuwa na mtoto asiye na viatu wiki mbili baadaye. Kwa hiyo twashauri kapu ligawanywe: sehemu itolewe kabla ya mkesha, ili nao washerehekee kama wengine, kwa maana pilau ya Noeli si anasa kwa maskini, sehemu nyingine, hasa fedha, isubiri mahitaji ya shule.

Kuhusu namna ya kutoa, Mwenyeheri Frédéric Ozanam na wenzake, walioanzisha mjini Paris mwaka 1833 chama kilichokuja kuitwa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, waliwaendea maskini nyumbani mwao. Kumwita mjane mbele ya altare apokee mfuko huku simu zikimpiga picha ni kinyume kabisa cha njia hiyo, na ni kinyume cha onyo la Bwana kuhusu sadaka (Mt 6:1-4). Papa Benedikto XVI, katika waraka *Deus Caritas Est* alioutia sahihi siku ya Noeli ya mwaka 2005, afundisha kwamba mtoaji hana budi kujitoa mwenyewe ili kipaji chake kisimdhalilishe anayepokea, na kwamba upendo haupaswi kutumiwa kuwa chambo cha kuwavuta watu kwenye dini. Picha za kundi zima la watoaji zatosha kwa kumbukumbu, kama lazima ziwepo.

Hatimaye sheria. Kanuni ya 222 yawawajibisha waamini wote kuwasaidia maskini kwa mali zao wenyewe, na kanuni ya 529 yamtaka paroko awatafute kwa bidii walio maskini, wenye taabu na wapweke. Tena, kwa kanuni ya 1267, matoleo yaliyotolewa kwa kusudi maalumu hutumika kwa kusudi hilo tu. Fedha za familia zenye uhitaji haziwezi kuhamishiwa kwenye bati za kigango, hata mvua ikinyesha ndani. Kanuni ya 1287 nayo yaagiza waamini wapewe hesabu ya walichotoa. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, inayofunga kipindi cha Noeli, ni siku nzuri ya kuisoma hesabu hiyo: kiasi kilichopokelewa, idadi ya familia zilizofikiwa na salio lililobaki, pasipo kutaja jina la familia hata moja.