Njiro baada ya mahakama: jinsi bei za nyumba Arusha zilivyovimba na kunywea

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Katazo hilo lilikaa kwenye masharti ya uongozi pamoja na lile la kumiliki hisa katika kampuni na lile la kupokea mishahara miwili. Mji uliobeba jina la Azimio ndio huohuo ambao, miaka thelathini baadaye, ungekuwa na wenye nyumba wanaotaja kodi kwa dola za Marekani bila kupepesa macho. Ili kuelewa ilivyotokea, inabidi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu bei ya nyumba Arusha haijawahi kupangwa na Waarusha peke yao. Imekuwa ikipanda na kushuka kwa kufuata wageni.

Mgeni wa kwanza mkubwa alikuja mwaka uleule wa Azimio. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Desemba 1967, makao makuu yakawa Arusha, na watumishi kutoka Kenya na Uganda wakahitaji pa kulala. Majengo matatu yaliyokuja kuitwa Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya hiyo. Lakini soko la nyumba halikuwa na nafasi ya kuchachamaa. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa, maelfu ya watu waliondoka na kazi zikaondoka nao. Hasara ya majengo matupu ilibebwa na nani? Na umma. Mwaka 1978 kikaundwa kituo cha mikutano cha AICC kilichorithi majengo yale, na hadi leo AICC ni miongoni mwa wapangishaji wakubwa wa nyumba mjini. Hakuna mwalimu mstaafu aliyepoteza akiba yake kwa sababu ya 1977, maana mwalimu mstaafu hakuwa na nyumba ya kupangisha.

Hali hiyo ilibadilika katika muda mfupi sana. Februari 1991 uamuzi uliokuja kuitwa Azimio la Zanzibar uliyalegeza masharti ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa tena kupangisha. Miaka hiyo mfumuko wa bei ulikuwa ukila shilingi kila mwezi. Aliyeweka fedha benki alizikuta zimekonda. Tofali halikondi. Kisha mwaka 1995 Benki ya Nyumba Tanzania, chombo pekee kilichokuwa kikikopesha mwananchi kwa ajili ya kujenga, ikafilisiwa. Kuanzia hapo mtu wa kawaida alijenga kwa fedha taslimu: msingi mwaka huu, lenta mwaka kesho, bati akipata mafao. Mapagala yanayosubiri bati bado yanaonekana kila upande wa jiji.

Ni katika mwaka huohuo wa 1995, tarehe 22 Februari, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoamua kwa azimio namba 977 kwamba mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ICTR, ikae Arusha. Kesi ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, ilianza Januari 1997. Mahakama ilipanga ofisi AICC, washtakiwa wakawekwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, na majaji, mawakili, wakalimani na makarani wakaanza kutafuta nyumba. Katika kilele chake ICTR ilikuwa na wafanyakazi wapatao 1,000 na bajeti iliyozidi dola milioni 200 kwa kila miaka miwili. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikutumika mjini, lakini iliyotumika ilitosha kubadilisha ramani.

Wageni hawa walikuja na masharti. Kanuni za usalama za Umoja wa Mataifa zilitaka nyumba ya mfanyakazi iwe na uzio, nondo madirishani, taa za nje na mlinzi. Mgao wa umeme ukaongeza jenereta. Mgao wa maji ukaongeza matangi. Njiro, kusini mwa mji, wakati huo bado ilikuwa na mashamba kati ya nyumba na nyumba. Hapo ndipo zilipochipuka nyumba zenye geti la chuma, kibanda cha mlinzi, vyumba vinne kila kimoja na choo chake, na banda la mtumishi nyuma. Mtu hakuzijenga akimfikiria karani wa halmashauri wala muuza duka wa soko la Kilombero. Alizijenga kwa ajili ya mpangaji mmoja tu, mwenye mshahara wa dola.

Dola nayo iliwalevya wenye nyumba kwa namna ambayo sidhani ilizungumzwa vya kutosha. Mwaka 2000 dola moja ilikuwa takriban shilingi 800. Mwaka 2010 ikakaribia 1,500. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa imepita 2,100. Aliyepangisha kwa dola 1,000 mwaka 2000 na asiongeze hata senti kwa miaka kumi na mitano aliona kodi yake ikipanda kutoka shilingi laki nane hadi zaidi ya milioni mbili. Jirani yake akaona, akauza ng'ombe, akanunua kiwanja. Wala hakuna aliyekaa akajiambia kwamba kilichokuwa kikitembea ni shilingi kushuka, si nyumba kupanda.

Vyanzo vingine vilichochea moto huo. Tanzanite, iliyogunduliwa Merelani mwaka 1967 (mwaka huo ulikuwa na mengi), ilileta fedha za ghafla kwa wachache, na wengi wao walizigeuza kuwa nyumba Arusha haraka, maana kwenye machimbo bahati haikai. Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyoanza mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Nelson Mandela yalijaza hoteli hadi mkataba uliposainiwa tarehe 28 Agosti 2000, Bill Clinton akiwepo. Hapo ndipo sifa ya "Geneva ya Afrika" iliposhika, na madalali wakaipenda kuliko wanadiplomasia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizaliwa upya mwaka 2000. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikahamia Arusha mwaka 2007. Kila tangazo la namna hiyo lilitafsiriwa mitaani kuwa wapangaji wapya wako njiani.

Na ardhi ilikuwa finyu kuliko inavyoonekana. Mlima Meru hauna nafasi ya kupanda juu: kuna msitu wa hifadhi, na chini yake migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha, mashamba ya ukoo ambayo watu waliyashikilia tangu Wajerumani walipouzungushia mlima mkanda wa mashamba ya walowezi. Uchungu wa ardhi hapa una historia inayojulikana hadi New York. Baada ya Wameru kuondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Watu wenye kumbukumbu hiyo hawauzi kihamba kwa urahisi, na wakiuza wanauza kwa bei ya maumivu. Mji ukalazimika kutanuka kusini na magharibi: Njiro, Muriet, Olasiti. Sheria nayo ikafungua mlango. Kwa miongo kadhaa ardhi tupu ilihesabiwa haina bei, kilichouzwa kisheria ni maendelezo yaliyo juu yake, hata kama ni mkahawa mmoja uliopandwa jana ili kutimiza masharti. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2004 yaliruhusu kiwanja kitupu kiuzwe. Kuanzia hapo mtu aliweza kununua majani, akasubiri, akauza majani.

Sasa tufike mahali ambapo hadithi hii inaniudhi. Tarehe ya kuondoka kwa ICTR haikuwa siri. Agosti 2003 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1503, liliitaka mahakama imalize kesi za mwanzo mwaka 2008 na kazi yote mwaka 2010. Azimio lililofuata, la Machi 2004, lilirudia hayohayo. Yaani wakati ujenzi wa nyumba za dola ukiwa umepamba moto, mpangaji alikuwa ameshatoa notisi ya miaka saba, kwa maandishi, mbele ya dunia nzima. Kilichowapa watu moyo ni kwamba tarehe zilisogea. 2010 ilipita. Desemba 2010 azimio namba 1966 likasema kazi iishe mwisho wa 2014, nayo ikapita. Kila kuahirishwa kulisomwa mtaani kama ushahidi kwamba "UN hawaondoki." Hivyo ndivyo kiputo cha bei kinavyojilisha. Lakini kila kuahirishwa kulikuja na wafanyakazi wachache kuliko mwaka uliotangulia, na mwenye macho angeweza kuhesabu.

Hukumu ya mwisho ya rufaa ilisomwa tarehe 14 Desemba 2015. Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba, ikiwa imewashtaki watu 93. Chombo kilichobaki kumalizia kazi kilihamia Lakilaki mwaka 2016 kikiwa na watu wachache mno kulinganisha na zama za kilele. Pigo hilo liligongana na jingine. Wiki chache kabla ya mahakama kufungwa, Rais John Magufuli alikuwa ameapishwa. Semina za Serikali kwenye hoteli zikakatwa, na fedha za mashirika ya umma zikaondolewa benki za biashara na kupelekwa Benki Kuu. Mitaani kukawa na msemo mmoja tu: vyuma vimekaza.

Ungetarajia kishindo. Hakikusikika. Marekani mwaka 2008 kiputo kilipasuka kwa kishindo kwa sababu nyumba zilijengwa kwa deni: aliyeshindwa kulipa alitolewa, benki ikauza nyumba kwa bei yoyote, bei ya mtaa mzima ikaporomoka, hadi Lehman Brothers ikaanguka. Arusha hakukuwa na benki nyuma ya geti. Mikopo ya nyumba Tanzania ilikuwa, na bado ni, chini ya asilimia moja ya pato la taifa. Mwenye nyumba asiyedaiwa halazimiki kuuza. Anaweka kibao, anangoja. Nyumba ilikaa tupu mwaka, wakati mwingine zaidi, huku mwenyewe akishikilia bei ya zama za mahakama kwa sababu kushusha ni kukiri. Akishusha, alishusha kimyakimya: dola ikawa shilingi, mwaka mzima wa malipo ya mbele ukawa miezi sita, miezi sita ikawa mitatu. Puto lililotoboka kwa sindano hupasuka. Lililofungwa vibaya hunywea usiku, asubuhi unalikuta sakafuni.

Wapo wanaosema kwa hiyo hakuna aliyeumia. Si kweli. Walioumia kwanza hawakuwa na nyumba: walinzi, watunza bustani, dada wa kazi, madereva, ambao ajira zao zilifutika mpangaji alipofunga sanduku. Wenye nyumba wenyewe walizika mafao na fedha za mauzo ya kahawa kwenye vyumba ambavyo mkazi wa kawaida hawezi kuvilipia wala havihitaji. Baadhi waliigeuza nyumba kuwa hosteli, shule ya awali, ofisi ya shirika, au lodge ya watalii. Waliochagua lodge walipigwa tena: watalii walioingia nchini walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000 mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege.

Dola yenyewe imekuja kuondolewa kwa kanuni. Mwishoni mwa 2017 Serikali iliagiza bei za ndani zitajwe kwa shilingi, na Machi 2025 kanuni mpya zikapiga marufuku kutaja au kupokea bei kwa fedha za kigeni. Kwa Njiro ilikuwa ni kuchelewa kwa miaka kumi.

Mgeni anayesubiriwa sasa ni mpira. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa AFCON ya 2027, na uwanja wa watazamaji 30,000 ukaanza kujengwa Olmoti. Viwanja vya kujenga kuzunguka eneo hilo, na kando ya barabara ya mchepuo, vinatangazwa kwa kutaja uwanja huo kabla ya kutajwa maji au hati. Mashindano yenyewe hudumu mwezi mmoja hivi. Anayenunua leo hana namna ya kujua bei ya kweli ila kwa kumuuliza dalali, ambaye hulipwa pale mteja anaponunua. Lakini kila uhamisho halali wa hati hupita kwa mthamini na TRA, na thamani yake huandikwa. Wizara ya Ardhi na Jiji la Arusha wanaweza kuzichapisha thamani hizo kata kwa kata, bila majina ya wahusika, kila robo mwaka. Waanze na za Njiro, kuanzia 2015.