Kimea cha Ulezi na Uji wa Watoto katika Njombe na Makambako

Wasomaji wetu wamekwisha kusoma mengi juu ya ndoa, matambiko na majina ya watu wa nyanda za juu za kusini, walakini habari za jikoni hazikuandikwa mara nyingi. Sababu yake si ngumu kuitambua. Waandishi wengi walikuwa wanaume, nao jikoni hawakuingia ila kuota moto. Mapishi ya nyumbani yalipita kwa mdomo na kwa mkono, kutoka kwa mama mkwe hata kwa mkamwana, na kutoka kwa jirani hata kwa jirani, pasipo karatasi.

Basi tumeona vema kuandika juu ya jambo moja dogo la jikoni, yaani kimea cha ulezi. Wala si habari ya mchezo. Hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania nzima mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa katika mkoa wa Njombe kadiri ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao. Tena mkoa huu si wa njaa. Unalima mahindi, viazi, maharage, njegere na maparachichi, na malori hupakia chakula huko kwenda Dar es Salaam. Mtu akiyaona magunia yale barabarani hawezi kudhani kwamba watoto wa wenye mashamba hawakui. Yatupasa, basi, kuuliza ni nini kinachoingia katika bakuli la mtoto, na ni nini kilichokuwamo zamani kisichokuwamo sasa.

Kwanza maneno yenyewe. Kimea hutoka katika kitenzi kumea, kuchipua kwa mbegu. Ulezi ni nafaka ndogo nyekundu, na ulezi tena ni kazi ya kulea mtoto. Hatudai kwamba majina haya mawili yana asili moja, maana Kiswahili kina maneno mengi yanayofanana kwa sauti tu; lakini apendaye kulicheza neno hili amepewa nafasi. Togwa ndilo neno lililoleta matata. Katika kamusi za zamani togwa hufasiriwa kuwa pombe isiyochacha bado, na kwa tafsiri hiyo ilihesabiwa katika ukoo wa vileo, ingawa watoto wachanga waliinywa na kulala usingizi wa kawaida.

Sasa jinsi ya kufanya. Ulezi hupepetwa kwa ungo hata mchanga uishe, kwa kuwa punje zake ni ndogo na mchanga hujificha humo. Kisha huoshwa, hulowekwa majini usiku kucha, na asubuhi maji humwagwa. Hutandazwa juu ya majani ya mgomba au gunia safi lililoloweshwa, hufunikwa, nao hukaa siku mbili au tatu mahali penye joto. Katika Njombe mahali penye joto si jambo jepesi, maana mji uko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai huweza kuanguka sakitu. Kwa hiyo wengi huuweka ulezi wao karibu na mafiga. Vichipukizi vikizidi kidogo urefu wa punje, huanikwa juani hata vikauke kabisa. Kisha husuguliwa kwa viganja ili mizizi ianguke, hupepetwa tena, na husagwa. Unga huo una utamu kidogo ulimini, na mama mpishi huujua kwa kuuonja, si kwa kuutazama.

Mtama nao humea, walakini chipukizi la mtama lina sumu ya namna ya ile ya muhogo mchungu, kwa hiyo hutaka kuondolewa vichipukizi na mizizi yote na kupikwa sana. Ulezi hauna hatari hiyo.

Uji wa mtoto hupikwa mzito kwanza, hata mwiko usimame ndani yake. Hapo mgeni atasema huo si uji bali ni ugali uliokosa nguvu. Huepuliwa, huachwa upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, ndipo hutiwa kijiko cha unga wa kimea na kukorogwa. Baada ya dakika chache uji uliokuwa umesimama huanza kulegea, kisha hutiririka kama maziwa mazito. Atazamaye mara ya kwanza hudhani mpishi ameongeza maji kwa siri. Sharti la wapishi ni kwamba kimea kisitiwe katika uji unaochemka, kwa sababu moto mkali hukiua. Baada ya kulegea uji hurudishwa motoni uchemke mara moja, ili uchafu uliokuwa katika unga mbichi usimdhuru mtoto. Baada ya hapo hauwi mzito tena.

Siri yake ni hii. Wanga upikwapo hunywa maji na kuvimba. Uji ukiwa na unga mwingi hushikamana, na mtoto wa miezi 8 hawezi kuumeza, basi mama huongeza maji. Uji mwepesi wa namna hiyo una unga kama sehemu 5 hadi 10 katika 100, na zilizobaki zote ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Hujaa maji, naye hulia njaa kabla mama hajafika shambani. Mbegu imeapo hujifanyia kimeng'enya chake cha kuukata wanga vipande vidogo visivyovimba, ili chipukizi lipate kula. Kimeng'enya hicho hicho hufanya kazi katika bakuli. Kwa kimea, unga waweza kufika sehemu 20 katika 100 na uji ukanyweka bado. Maana yake ni kwamba bakuli moja hushinda mawili ya uji wa maji.

Uji uliotiwa kimea ukiachwa mpaka kesho yake, pamoja na togwa ya jana kidogo iwe chachu, huwa togwa yenyewe, yenye ukali wa kupendeza. Ukali huo hutokana na vijidudu vya namna ya vile vigandishavyo maziwa, nao huzuia vijidudu viletavyo kuhara. Wazee hawakujua habari za vijidudu, walakini walijua kwamba togwa hustahimili siku nzima kibuyuni na uji mtupu haustahimili.

Hivyo ndivyo upishi huu ulivyokuwa, nao ulienea kwa namna ya pekee. Mama aliyeishiwa kimea hakwenda sokoni. Alibisha kwa jirani, akasalimu Kamwene, akaomba kiganja cha unga na upawa wa togwa ya kuanzishia. Pamoja na kile kiganja alipewa na maneno: ngoja upoe, usikoroge kinyume, usitumie chungu kilichopikiwa nyama. Mengine ya maneno hayo yana maana na mengine hayana, na sisi hatuna haja ya kuyapepeta yote. Wapishi wenyewe huyapokea yote pamoja kisha huacha yasiyowafaa. Kipimo chao si kijiko wala kikombe. Husema, mpaka uji uteleze katika mwiko bila kuusukuma, na twaona kipimo hicho ni bora kuliko kijiko, kwa kuwa nguvu ya kimea hubadilika kila kinapofanywa.

Je, kwa nini kilififia? Sababu ya kwanza ni mahindi. Nafaka hii ilitoka Amerika, ikaletwa pwani yetu na Wareno baada ya mwaka 1500, na polepole ikapanda hata milimani. Ulezi hutaka palizi ya taabu, na kuvunwa suke kwa suke kwa kisu. Hindi limevikwa maganda na ndege hawalipati kwa urahisi. Lakini ulezi una sifa ambayo mahindi hayana: hukaa ghalani miaka mingi pasipo kuliwa na wadudu, na kwa hiyo ulikuwa akiba ya njaa. Katika vita vya Maji Maji, ambavyo vilifika Ubena mwezi wa Septemba 1905 Wabena walipoishambulia misheni ya Yakobi, majeshi ya Wadachi yaliteketeza mashamba na maghala kwa makusudi, maana wakuu wao waliamua kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Ghala la ulezi likiungua, akiba ya miaka huungua pamoja na mbegu.

Baada ya hapo wanaume wakaanza kuhama. Njombe ikawa mojawapo ya nchi zilizotoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda shirika lao la kuandika watu, SILABU. Mwanamke aliyebaki na shamba peke yake alichagua zao lenye palizi chache. Hatuwezi kumlaumu.

Sababu nyingine ni pombe. Kimea ni mama wa uji mzuri, tena ni mama wa komoni. Mahali pengi palipohubiriwa dhidi ya ulevi, ungo wa kimea ulioanikwa mbele ya nyumba ulikuwa ushahidi wa kutosha, na mke wa mwalimu au wa mzee wa kanisa aliona afadhali kuuacha kuliko kujieleza. Twadhani jambo hili lilikuwa na nguvu kuliko linavyotajwa. Mahali pa kimea pakashikwa na sembe, unga mweupe uliokobolewa, uliohesabiwa kuwa wa kiungwana.

Wataalamu walikuja kukitafuta kimea baadaye. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1983 A. C. Mosha wa Tanzania na U. Svanberg wa Sweden walichapisha uchunguzi wao juu ya uji wa watoto uliolegezwa kwa unga wa nafaka zilizomea. Mwaka 1994 W. Lorri, pamoja na Svanberg huyo huyo, akaandika ya kuwa katika vijiji vya Tanzania watoto waliopewa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache zaidi. Wakati huo huo, tangu mwaka 1983, Serikali pamoja na UNICEF na WHO walikuwa wameanza kazi ya lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ambao ulikuwa bado umeshika Njombe, Makete na Ludewa. Njombe ilipata kuwa mkoa mwaka 2012. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na wazazi wakajadili wenyewe sababu za kukonda. Kimea kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyofundishwa. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka 6.3 hata 1.8 katika 100. Si kazi ya kimea peke yake. Palikuwa na chanjo, maji, na utunzaji wa watoto mama awapo shambani. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mtaalamu alifika kijijini na mfuko wa unga, na bibi mmoja nyuma ya umati akasema, huo twaujua.

Baadaye lilikuja pigo jingine. Uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 uliona virusi vya Ukimwi katika watu 14.8 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe, hesabu iliyozidi ya mikoa yote. Mama alipofariki mapema, mtoto wake alibaki mikononi mwa bibi. Katika nyumba nyingine mapishi yaliruka kizazi kimoja yakapona; katika nyingine bibi naye hakuwapo, yakakatika.

Makambako pana habari yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo, na hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Mbeya. Kwa hiyo katika soko moja hukutana mama wa Kibena, wa Kihehe, wa Kikinga, wa Kingoni na wa Kinyakyusa, na kila mmoja ana uji wake. Mmoja hutia karanga zilizotwangwa, mwingine hupondea parachichi, mwingine maziwa. Hubadilishana kwa kuonjana, na hili ni jema. Ila tumeona pia unga wa kuchanganya, nafaka tano au saba pamoja, huyu akaongeza mchele, yule ngano, na wote huita unga wa lishe. Nyingi za hizo ni wanga juu ya wanga, na ukipikwa huvimba kama mwingine, mama akaongeza maji kama zamani. Kitu kimoja kilichoachwa ni kile kisichonunuliwa: siku tatu za kungoja mbegu imee.

Kimea chaweza kupatikana kwa wapika komoni, lakini hicho kilifanywa kwa ajili ya pipa, na mara nyingine kina ukungu. Kwa mtoto kifanywe nyumbani, kikaushwe juani hata punje ivunjike kwa meno, na kisagwe katika mashine iliyokwisha kufagiliwa.

Tungefurahi wasomaji wa Lupembe, Ilembula, Kidugala na Makete wakituandikia majina ya kimea na togwa katika lugha za kwao, na hasa watueleze kama kwao togwa ya mtoto na togwa ya wageni hupikwa katika chungu kimoja au katika viwili.