«Uko mutoto wa nani?» Watoto waliokombolewa wa Ziwa Tanganika na vijana wetu wa leo

Hapa kwetu Kiringye, na katika Bonde lote la Ruzizi mpaka Uvira, mugeni akiingia katika lupango hatuanzi kwa kumuuliza jina lake. Tunamuuliza: «Uko mutoto wa nani?» Akitaja baba, babu na kilima cha kwao, tunamuletea kiti na mazungumuzo yanaanza. Asipoweza kuwataja, tunamupa maji kwa adabu, lakini kiti kinakawia.

Desturi hii ni nzuri, kwani inatukumbusha kwamba hakuna mutu aliyejizaa mwenyewe. Lakini leo wako vijana wengi ambao swali hili linawafunga kinywa. Wamoja walizaliwa katika kambi la Nyarugusu, upande wa Kasulu katika Tanzania, lililofunguliwa mwaka 1996. Wamekomaa pale bila kuona kilima cha babu zao. Wengine walitoka katika makambi wakapelekwa Marekani ao Canada. Wakija kusalimia jamaa wanasema Kiingereza na Kiswahili, lakini Kifuliru, Kivira, Kibembe ao Kinyamulenge kimewapotea. Na katika mwezi wa pili wa mwaka 2025, sababu ya vita, watu elfu na elfu wa upande wetu walivuka muto Ruzizi, wengi wao wakakusanyika Rugombo katika Burundi, juu ya kiwanja cha mupira. Watoto wao nao wataulizwa siku moja swali lile lile.

Mukatekista mumoja alinijia na shauri. Kijana aliyezaliwa katika kambi alitaka kuoa binti wa hapa. Wazazi wake walikwisha kufa, na wazee walisema: «Hatumujui. Nani atakaa kwa ajili yake katika mashauri ya ndoa?» Mukatekista akaniuliza: «Padri, tumuandike kuwa wa wapi?» Nikamujibu upesi: «Andika parokia alipobatiziwa, basi.» Akaondoka kimya. Kimya kile kilinisumbua, nikarudia kusoma historia ya Eklezya yetu ya Ziwa Tanganika. Nikaona kwamba swali lake si geni: ndilo swali ambalo Eklezya yetu ilianza nalo.

I. Damu ya kwanza

Wapadri Weupe, ambao Askofu Lavigerie aliwaanzisha Algeri mwaka 1868, walifika Ujiji katika mwezi wa kwanza wa mwaka 1879. Wakati ule ziwa lilikuwa njia ya watumwa. Watu walikamatwa upande wetu na katika Manyema, wakavushwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji, na toka pale wakaendeshwa kwa miguu kupita Tabora mpaka pwani. Waliokamatwa zaidi walikuwa wanawake na watoto.

Kwa sadaka zilizotoka Ulaya, wapadri walikomboa watumwa, na zaidi ya wote watoto. Lavigerie alifikiri kwamba watoto hao, wakilelewa vizuri, watakuwa wakatekista, waganga na wazazi wa jamaa za kikristu. Basi tukumbuke vema: wakristu wengi wa kwanza wa ziwa letu hawakuwa wana wa wami wala vijana walioletwa na wazee wao. Walikuwa watoto wasio na mutu wa kujibu kwa ajili yao.

Mwaka 1879 wapadri walifungua misioni Rumonge, upande wa Burundi. Tarehe 4 mwezi wa tano 1881, Padri Deniaud, Padri Augier na musaidizi wao d'Hoop wakauawa pale. Ugomvi ulianza juu ya kijana mumoja aliyekuwa chini ya ulinzi wa wapadri. Watu wa Bikari walidai kwamba ni wao. Wapadri walikataa kumutoa. Kwa hiyo damu ya kwanza ya wamisionere katika ziwa hili ilimwangika juu ya swali moja: mutoto huyu ni wa nani?

II. Kijiji cha Kibanga

Mwaka 1880 wapadri walivuka wakajenga Mulweba, katika Masanze, na mwaka 1883 wakahamia Kibanga, ngambo yetu ya ziwa, katika inchi inayoitwa leo Territoire ya Fizi. Waliiita Lavigerieville. Pale walikusanyika watoto wa makabila mengi. Hawakusikilizana kwa lugha za mama zao, basi Kiswahili kikawa lugha yao, kama kilivyo leo lugha ya vijana wa makambi. Walijifunza dini, kusoma, kulima na kujenga. Walipokomaa walioana wao kwa wao, wakapewa nyumba na shamba karibu na misioni. Hapakuwa na shangazi wala mujomba wa kukaa katika mashauri: misioni ilikuwa baba, misioni ilikuwa mujomba, misioni ilikuwa baraza la wazee.

Mwaka 1893 Kibanga iliachwa sababu ya magonjwa. Wakristu wakasafiri kusini mpaka Kirungu katika Marungu, pahali palipoitwa Baudouinville, karibu na Moba ya leo. Waliokuwa wamehamishwa mara ya kwanza kwa kamba za watumwa walihama mara ya pili pamoja, kama jamaa moja.

Tuwe wakweli kama historia inavyotuomba. Watoto hao waliokolewa na kifo na utumwa. Hilo ni jambo kubwa, na tusiruhusu mutu kulizarau. Lakini walikaa chini ya amri ya misioni hata walipokuwa watu wazima, na kijiji chao kilikuwa kama kisiwa: watu wa vilima vya karibu waliwaona kuwa watu wa wazungu, nao mara nyingi walijifunza kuwaona wengine kuwa wapagani tu. Kumutoa mutoto katika mikono ya mwenye kumununua ni kazi moja. Kumupa tena watu wake ni kazi nyingine. Kazi ya kwanza ilifanyika kwa ushujaa. Ya pili ilibaki nusu.

Hata hivi mbegu haikupotea. Katika Eklezya hiyo ya Mpala na Baudouinville alikomaa Stefano Kaoze, mwana wa Watabwa, aliyepewa upadri tarehe 21 mwezi wa saba 1917, padri wa kwanza wa Kongo. Naye alipokuwa bado museminari, mwaka 1910 na 1911, maandiko yake juu ya mawazo na desturi za watu wake yalitolewa katika gazeti la Ubeleji. Hakuona kwamba kumufuata Kristu kunamulazimisha kusahau hekima ya wazee. Waseminari waangalie jambo hilo: padri wetu wa kwanza, kabla ya kupanda altare, alikwisha kuandika juu ya watu wa kwao.

III. Mutoto wa Nijeri aliyekuwa muzee wa Karema

Kati ya watoto waliokombolewa, mumoja alitoka mbali kupita wote. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika bonde la muto Nijeri, karibu mwaka 1866. Watuareg walimuiba angali mudogo, akavushwa Sahara, na wapadri wakamununua toka mikono ya wenye kumuuza. Alisoma Algeria, kisha akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ngambo ya mashariki ya ziwa, kuwa mwalimu wa dini na muganga. Hakuondoka tena mpaka kufa kwake mwaka 1956. Ni miaka 67.

Huyu hakuwa na kilima hata kimoja cha kutaja Karema. Hakuna muzee wa pale aliyeweza kujua baba yake. Ni namna gani akawa mutu wa pale? Kwanza kwa kazi: usiku na muchana alitunza wagonjwa, mukristu na asiye mukristu. Kisha kwa ndoa: alioa Agnes Wansahira, binti wa mutemi wa Wabende, na hivi akapata baba mukwe, mashemeji na wajomba wa watoto wake. Mwana wao Yosefu akawa padri. Na jambo la tatu: Atiman hakusahau kwao. Alipokuwa muzee aliandika mwenyewe habari za maisha yake, akitaja inchi alikoibiwa. Alikuwa mutu wa Karema kweli, na alibaki mwana wa Nijeri kweli. Moja halikumunyanganya lingine.

Tuseme pia kwamba watu wa Karema walifanya sehemu yao. Mutemi angeweza kusema: «Huyu hana ukoo, sitamupa binti yangu.» Hakusema hivi.

IV. Mutoto wa damu mbili

Diosezi yetu ya Uvira, iliyoanzishwa mwaka 1962, ina mufano wake yenyewe. Kapiteni Leopold Joubert, Mufaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alifika Mpala mwaka 1887 kulinda wakristu na wanaowinda watumwa. Mwaka 1888 alioa Agnes Atakaye, mwanamuke Mwafrika, kwa ndoa ya kikristu, akakaa hapa mpaka kufa kwake mwaka 1927. Albert, mwana wao, alizaliwa Mrumbi mwaka 1908, akapata upadri mwaka 1935.

Ili tuelewe neema ya kijana yule, tukumbuke watoto wengine wa baba muzungu na mama Mwafrika. Wakati wa ukoloni Leta ya Ubeleji iliwanyanganya mama zao watoto wa namna hiyo, ikawaweka mbali, mara nyingi katika nyumba za misioni. Tarehe 4 mwezi wa ine 2019 Waziri wa kwanza wa Ubeleji, Charles Michel, aliomba musamaha. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024 korti ya rufaa ya Bruxelles ilihukumu kwamba tendo lile lilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Sisi watu wa misioni hatuwezi kusoma hukumu hiyo kama habari ya wengine, kwani milango iliyowafungia watoto wale mara nyingi ilikuwa yetu. Albert Joubert alikuwa na baba na mama, katika nyumba moja, mbele ya macho ya wote.

Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1964, wakati wa maasi ya Wasimba, Frateri Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Siku ile ile waasi walifika Fizi, wakamuua Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Waitalia watatu na mwana wa Ziwa Tanganika mumoja. Tarehe 18 mwezi wa munane 2024, katika Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wane wote kuwa wenye heri. Sasa, Albert Joubert ni mutoto wa nani? Wafaransa wanaweza kumuita wao, na Watu wa Moba vilevile. Lakini Fizi na Uvira wanasema: ni wetu, maana alikufa pamoja nasi. Na hakuna anayebisha.

V. Jibu la pili

Wandugu wapadri, waseminari na wakatekista, katika inchi yetu swali la ukoo limepata sumu. Waliouawa Gatumba usiku wa tarehe 13 mwezi wa munane 2004 walikuwa wakimbizi, wengi wao Wanyamulenge. Waliouawa Mutarule usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita 2014 walikuwa, wengi wao, Wafuliru. Mara zote mbili wauaji walitosheka na jambo moja: kujua, ao kufikiri kwamba wanajua, wale ni watoto wa nani. Hata Bwana wetu alipofundisha Nazareti, watu wa kwao walitaja ukoo wake si kwa kumupokea, lakini kwa kumukataa. Swali linalofungua mulango ndilo lile lile linaloufunga. Tofauti iko katika moyo wa mwenye kuuliza.

Tufanye nini basi? Historia inatuonyesha makosa mawili. La kwanza ni kusema: «Ubatizo unatosha, ukoo si kitu.» Hilo lilikuwa kosa la Kibanga, na lilikuwa kosa langu nilipomujibu mukatekista. Karatasi ya ubatizo haikai katika mashauri ya ndoa, haizike mutu, haimwambie mutoto namna babu yake alivyoitwa. La pili ni kusema: «Asiye na ukoo hapa si wa hapa.» Wakristu wa kwanza wa ziwa hili wangalihesabiwa kwa ginsi hiyo, leo tungekuwa bila wazazi katika imani.

Mutume Paulo alipomurudisha Onesimo kwa Filemoni, hakutosheka na kuomba aachiliwe. Alimuita mwana wake, akataka apokelewe katika nyumba kama ndugu. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki nusu Kibanga, na ndiyo yetu sasa.

Kwa hiyo nilimuita tena mukatekista, nikamupa jibu la pili. Nilimwambia atafute katika shirika lake muzee mumoja na mama mumoja watakaokubali kuwa wazazi wa kijana yule, si kwa siku ya arusi tu, lakini kwa vilio, kwa magonjwa na kwa watoto watakaozaliwa. Tena kijana akae na wazee, aandike majina yote anayokumbuka: ya baba, ya mama, ya kijiji, hata kama ni mawili tu, na tuyaulize kwa parokia za huko walikotoka. Asipoteze ya kwao ili apate ya hapa. Vilevile wale wanaotoka Marekani: tuwafundishe lugha ya nyumbani bila kuwacheka, na tusiwahesabu kuwa mufuko wa feza tu.

Mukatekista aliuliza tena: «Na wazee wakikataa?» Nikamwambia: «Basi kiti cha baba, mutaniwekea mimi.»